Uendeshaji baiskeli wa ridhaa

Uendeshaji baiskeli wa ridhaa ni mchezo na burudani ya kuendesha baiskeli ya barabarani kwa umbali mrefu au kwa kasi bila kulipwa mshahara. Anayeufanya ni tofauti na mwendeshaji wa kulipwa, mwenye mkataba na timu, na ni tofauti pia na mtu anayetumia baiskeli kwenda shambani, kuchota maji au kubeba abiria. Katika Afrika ya Mashariki mpaka huo wa mwisho hauko wazi sana: baadhi ya washindani wa eneo hili walijenga miguu yao kwa kubeba mizigo na watu kabla ya kupanda baiskeli ya mashindano.

Makala hii inaeleza mchezo huo jinsi unavyofanyika hasa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda: asili yake, baiskeli na vifaa, usalama barabarani, mazoezi na chakula.

Historia

Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili yanayofuatana kilitengenezwa na Mjerumani Karl Drais mwaka 1817. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Pedali ziliongezwa mjini Paris katika miaka ya 1860, na mwaka 1869 yalifanyika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, yaliyoshindwa na Mwingereza James Moore. Baiskeli yenye magurudumu mawili yanayolingana na cheni inayozungusha gurudumu la nyuma iliuzwa na John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, alitengeneza tairi la kujazwa upepo. Tangu hapo umbo la baiskeli halijabadilika sana.

Mchezo wa ridhaa na ule wa kulipwa vilikua pamoja. Chama cha kimataifa cha mchezo huo, UCI, kiliundwa mwaka 1900, na Tour de France ilianza mwaka 1903. Upande wa wasiolipwa, safari inayoheshimiwa kuliko zote ni Paris–Brest–Paris. Ilianza mwaka 1891 kama mashindano ya wataalamu, lakini leo hufanyika kila baada ya miaka minne kwa watu wa kawaida, ambao hupewa saa 90 kumaliza kilomita 1,200 hivi. Hakuna zawadi ya fedha. Anayemaliza ndani ya muda huingizwa katika orodha, basi.

Afrika ya Mashariki ilipata baiskeli wakati wa ukoloni, na kwa miongo mingi ilikuwa chombo cha kazi. Baiskeli nyeusi ya chuma yenye karia imara nyuma, ambayo Kenya na Uganda hupewa jina la utani "Black Mamba", ndiyo iliyobeba maziwa, mkaa, matoke na wagonjwa. Neno bodaboda lenyewe lilitokana na waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kwenye mpaka wa Kenya na Uganda huko Busia, kabla pikipiki hazijachukua kazi hiyo. Usukumani na katika mikoa mingine ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania baiskeli ilienea kiasi kwamba mashindano yake yakawa sehemu ya sikukuu.

Mtu aliyelifanya eneo hili lijulikane zaidi ni Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985. Akiwa kijana alifundishwa na Mkenya David Kinjah, nahodha wa zamani wa timu ya taifa, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiwapokea vijana nyumbani kwake karibu na Kikuyu na kuwafundisha kuendesha na kutengeneza baiskeli kupitia kikundi cha Safari Simbaz. Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya mwaka 2006 kabla ya kuhamia leseni ya Uingereza, kisha akashinda Tour de France miaka ya 2013, 2015, 2016 na 2017. Kwa hiyo mmoja wa washindi wakubwa wa mchezo huo alijifunza misingi yake katika kikundi cha ridhaa cha kijijini, kwa baiskeli zilizoungwaungwa kutoka vipuri vya zamani.

Nchi iliyopiga hatua kubwa zaidi ni Rwanda. Mashindano ya Tour du Rwanda yalianza mwaka 1988 na kuingia katika ratiba ya UCI mwaka 2009. Mwaka 2015 Jeanne d'Arc Girubuntu aliiwakilisha nchi hiyo katika mashindano ya dunia mjini Richmond, Marekani. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kupokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Mbio za wanaume zilishindwa na Tadej Pogačar wa Slovenia na za wanawake na Magdeleine Vallieres wa Kanada. Kabla ya hapo Kigali ilikuwa tayari na desturi ya kufunga baadhi ya barabara kwa magari Jumapili mbili kila mwezi ili watu wakimbie, watembee na kuendesha baiskeli.

Baiskeli

Baiskeli ya barabarani hutambulika kwa usukani uliopinda kuelekea chini, matairi membamba na fremu nyepesi. Fremu huwa ya chuma, alumini, titani au nyuzi za kaboni. Chuma ni kizito kidogo lakini kinadumu, na kikivunjika fundi wa kuchomelea anaweza kukiunga. Kaboni ni nyepesi, ila ikipata ufa hakuna wa kuirekebisha katika miji mingi ya eneo hili. Kanuni za UCI haziruhusu baiskeli ya mashindano iwe na uzito chini ya kilogramu 6.8, baiskeli ya kawaida ya mwanaridhaa huwa kati ya kilo 8 na 11.

Uzito huzungumzwa kuliko unavyostahili. Mfano mzuri ni mlima wa kutoka Mombo hadi Lushoto katika milima ya Usambara, mkoani Tanga: barabara ya lami ya kilomita 33 hivi inayopanda karibu mita 1,000. Mtu wa kilo 70 mwenye baiskeli ya kilo 10 akipanda kwa saa mbili hutumia wastani wa wati 109 kupambana na mvutano wa ardhi peke yake. Akinunua baiskeli iliyo nyepesi kwa kilo moja, pengine kwa bei mara mbili, ataokoa takriban dakika moja na nusu katika saa hizo mbili. Kilo tano zilizopungua mwilini zingeokoa dakika saba, na hazina bei dukani.

Kinachostahili uangalifu zaidi ni ukubwa wa fremu na urefu wa kiti. Kiti kikiwa chini sana magoti huuma mbele. Kikiwa juu sana nyonga huyumba na maumivu huja nyuma ya goti. Njia moja ya kukadiria ni kupima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka sakafuni hadi kwenye msamba, na kuuzidisha kwa 0.883, jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli inayozungushwa na mikono ya pedali hadi juu ya kiti. Mwenye mguu wa sentimita 80 ataanza na sentimita 70.6, kisha atarekebisha kidogo kidogo. Pedali ikiwa chini kabisa goti linatakiwa kubaki limepinda kidogo.

Baiskeli nyingi za wanaridhaa wa Afrika ya Mashariki ni za mtumba. Anayenunua hupaswa kukagua fremu mahali mabomba yanapokutana, hasa nyuma ya foki, akitafuta nyufa au rangi iliyojikunja, ambayo ni dalili ya ajali. Rimu za breki za mpira huliwa: zikiwa zimebonyea kwa kuguswa na kidole zimekwisha. Cheni hupimwa kwa rula. Jozi 12 za viungo vya cheni mpya zina urefu wa milimita 304.8; zikifika 307 cheni imechakaa na imeanza kula meno ya gia. Cheni ni rahisi, gia si rahisi.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi na limewaangusha watu. Katika baiskeli zilizotoka Uingereza na Japani, mkono wa kulia kwa kawaida hushika breki ya mbele. Katika zile zilizotoka Ulaya bara na Marekani, breki ya mbele iko kushoto. Mtumba huchanganya zote. Kabla ya safari ya kwanza mnunuzi anatakiwa kujua mkono upi unashika gurudumu lipi, au amwombe fundi abadilishe nyaya.

Matairi

Kwa miaka mingi waendeshaji waliamini kwamba tairi jembamba lililojazwa hadi kuwa gumu kama jiwe ndilo lenye kasi. Upana wa milimita 23 ulikuwa wa kawaida. Leo hata wataalamu hutumia milimita 28 au zaidi, kwa kuwa kwenye lami isiyo laini tairi gumu hurukaruka na nguvu hupotea kwa kumtikisa mpandaji. Kwa barabara za Afrika ya Mashariki mabadiliko hayo ni faida tupu. Mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 28 anaweza kuanza na upepo wa bar 5 hivi (psi 70), nyuma kidogo zaidi kuliko mbele.

Tatizo ni vipuri. Magurudumu ya baiskeli hizi yana kipenyo cha milimita 622 mahali tairi linapokaa, wakati baiskeli nyeusi za zamani za inchi 28 zina milimita 635, kwa hiyo tairi la duka la kijijini halitaingia. Tyubu zake pia huwa na valvu nyembamba ya Presta, ambayo pampu ya kituo cha mafuta haiishiki bila kiunganishi kidogo cha shaba. Kiunganishi hicho ni kidogo kama ncha ya kidole, na waendeshaji wazoefu hukaa nacho kikiwa kimefungwa kwenye valvu muda wote.

Vifaa vingine

Mfuko mdogo chini ya kiti hubeba tyubu mbili, viraka na gundi, vibanzi vya kutolea tairi, spana za pembe sita na fedha taslimu. Pampu hufungwa kwenye fremu. Anayetoka mjini bila vitu hivi humtegemea fundi wa njiani, ambaye mara nyingi ni hodari wa pancha lakini hana tyubu ya saizi hiyo. Noti iliyokunjwa inaweza pia kuwekwa ndani ya tairi lililopasuka ubavuni ili tyubu isitokeze, hufika nyumbani.

Kaptura yenye pedi huvaliwa bila nguo ya ndani, kwa sababu mshono wa nguo hiyo ndio unaosababisha michubuko. Wanaoanza huona haya kuivaa mbele za watu na wengi, wanawake kwa wanaume, huvaa kaptura pana au sketi juu yake, na hakuna ubaya wowote. Glovu hulinda viganja siku ya kuanguka, na miwani huzuia vumbi na wadudu.

Cheni hufutwa kwa kitambaa baada ya kila safari ya vumbi na kupakwa tone la mafuta mepesi katika kila kiungo. Oili chafu ya gari, ambayo mafundi wengi huipaka kwa kuwa haina gharama, hushika mchanga na kuugeuza kuwa msasa.

Usalama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na zaidi ya nusu yao ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na waendesha pikipiki. Mwanaridhaa anayetoka na baiskeli barabara kuu anaingia katika kundi hilo kwa hiari yake, na sehemu kubwa ya ustadi wake inahusu kurudi nyumbani.

Uchaguzi wa njia na wa saa huokoa watu wengi kuliko kifaa chochote. Karibu na ikweta jua huchomoza karibu saa ileile mwaka mzima, na muda kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi una mwanga wa kutosha, upepo mdogo na magari machache, hasa Jumapili. Jioni ni mbaya zaidi: jua humpiga dereva machoni, watu wana haraka na giza huingia ghafla. Barabara yenye bega pana la lami ni bora hata kama ina magari mengi kuliko barabara nyembamba ambayo malori hupishana yakigusana vioo. Njia panda ya Mai Mahiu, ambapo barabara ya zamani hushuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Naivasha, ina mandhari ya ajabu, lakini ina malori mazito na ukingo mwembamba. Wengi huipita alfajiri tu au kuiacha kabisa.

Hatari iliyo kubwa kwenye barabara kuu za eneo hili haitoki nyuma. Ni gari linalokuja mbele likiwa linalipita jingine, na dereva akiiona baiskeli huhesabu kwamba itampisha. Baiskeli lazima impishe kweli, maana hakuna mwamuzi. Kwa hiyo mwendeshaji hutazama mbali, hujua wakati wote ni wapi angetokea kama angelazimika kuacha lami, na huangalia kimo cha ukingo: lami ikiwa imeinuka sentimita 10 juu ya changarawe, kurudi juu yake kwa pembe nyembamba huangusha.

Mwendeshaji hakai kwenye mchirizi wa pembeni kabisa, ambako kuna vioo vilivyovunjika, miiba na mashimo. Akikaa karibu mita moja ndani, dereva hulazimika kumpita kwa uamuzi badala ya kujipenyeza. Nchini Ufaransa sheria humtaka dereva aache mita moja mjini na mita moja na nusu nje ya mji anapompita mwenye baiskeli. Pembeni mwa lori au basi linalosimama kwenye makutano ni mahali pa kufia: dereva hamwoni aliye ubavuni, na likikata kona magurudumu ya nyuma hupita ndani kuliko ya mbele.

Matuta ya barabarani, hasa yale madogo yaliyopangwa kwa safu kabla ya vijiji, yamewavunja wengi mifupa ya bega. Huvukwa kwa mikono miwili iliyoshika usukani imara, makalio yakiwa yameinuliwa kidogo, na siyo wakati wa kunywa maji. Mbuzi mmoja akivuka, wa pili anakuja. Mbwa mara nyingi huacha kufukuza mtu akipunguza mwendo na kumkemea kwa sauti.

Kofia ngumu haizuii ajali na haiwezi kumsaidia mtu dhidi ya lori, lakini hupunguza majeraha ya kichwa katika anguko la kawaida. UCI iliifanya kuwa ya lazima kwa wataalamu mwaka 2003, baada ya Andrey Kivilev wa Kazakhstan kufa kwa jeraha la kichwa katika mashindano ya Paris–Nice. Ikishapigwa chini kwa nguvu mara moja hubadilishwa hata kama haionyeshi ufa. Aliyeanguka na kuumia kichwa, akiuliza swali lilelile mara mbili au akitapika, hapandi tena baiskeli siku hiyo; anapelekwa hospitali. Namba ya dharura 112 hufanya kazi Tanzania na Kenya, ingawa nje ya miji gari la rafiki mara nyingi hufika mapema zaidi.

Kushuka mlima kunahitaji kujifunza kama kupanda. Mwendo hupunguzwa kabla ya kona na si ndani yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu nyingi kwenye lami kavu, lakini ikikamatwa ghafla kwenye mchanga huondoa gurudumu. Kuburuza breki za rimu mfululizo kwenye mteremko mrefu kama wa Lushoto huzipasha rimu moto kiasi cha kupasua tyubu. Ni afadhali kushika kwa nguvu, kuachia, kisha kushika tena. Kifo cha Mkenya Sule Kangangi, aliyeanguka katika mashindano ya barabara za changarawe huko Vermont, Marekani, mnamo Agosti 2022, kiliwashtua waendeshaji wa eneo zima, kwa kuwa alikuwa mmoja wa wazoefu wao na nahodha wa wengi.

Wanaovuka mipaka hukutana na badiliko jingine. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo huendesha kulia. Anayetoka Ngara kupitia daraja la Rusumo hubadilisha upande hapo hapo, na kosa haliji mpakani bali asubuhi ya pili, anapoondoka kwenye nyumba ya wageni akiwa na usingizi.

Kuendesha kwa kundi

Hewa ndiyo mzigo mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare. Ukinzani wake huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo nguvu inayohitajika dhidi yake huongezeka mara nane kasi ikizidishwa mara mbili. Anayekaa karibu nyuma ya mwenzake huokoa takriban robo hadi theluthi ya nguvu zake. Ndiyo sababu watu husafiri kwa mstari na kupokezana mbele.

Faida hiyo ina masharti. Gurudumu la mbele halipishani na la nyuma la mwenzako. Yakigusana, aliye nyuma ndiye anayeanguka. Anayeongoza huonyesha shimo kwa kidole na hutamka "gari nyuma" au "tuta" kwa sauti, na ujumbe hupitishwa hadi wa mwisho. Hakanyagi breki ghafla. Kundi zuri humsubiri aliyepata pancha, na kundi linalojisifu kwa kumwacha mgeni porini halistahili kufuatwa.

Mazoezi

Anayeanza hahitaji mpango mgumu. Safari tatu kwa juma kwa miezi miwili, mbili za saa moja na moja ndefu zaidi mwishoni mwa juma, humfikisha mtu mwenye afya kwenye kilomita 60 au 70, yaani karibu umbali wa Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Kipimo cha kasi ni mazungumzo: akiweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi yuko sahihi. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kufanya kila safari kuwa mashindano, hivyo wanachoka bila kuimarika. Hata wataalamu hufanya sehemu kubwa ya mazoezi yao polepole.

Mwendo wa miguu hujifunzwa mapema. Waliokulia kwenye baiskeli isiyo na gia huzoea kukanyaga kwa nguvu na polepole, mizunguko 50 au 60 kwa dakika. Kwa safari ndefu 80 hadi 95 kwenye gia nyepesi hulinda magoti na kuhamishia kazi kwenye moyo na mapafu.

Msingi ukishajengwa, huongezwa siku moja au mbili za vipindi vikali, kwa mfano dakika nane mara nne kwenye mlima wa wastani na mapumziko ya dakika nne katikati. Mwenye kipima nguvu hutumia jaribio la dakika 20: wastani wa wati zake ukizidishwa kwa 0.95 hukadiria nguvu anayoweza kuidumisha kwa saa moja. Asiye nacho hutumia saa ya kawaida na mlima uleule kila mwezi, na hapati hasara kubwa. Kanuni ya kutoa umri kutoka 220 ili kupata mapigo ya juu ya moyo ni ya kukadiria tu. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kukosea kwa mapigo zaidi ya kumi.

Mwili huimarika wakati wa kupumzika. Waendeshaji wengi hupunguza mzigo kila juma la nne. Mapigo ya moyo ya asubuhi yaliyopanda bila sababu, usingizi mbaya na kukasirika ovyo ni dalili za kuzidisha. Homa nayo haifanyiwi mazoezi, na katika nchi zenye malaria hupimwa kwanza.

Mwinuko hubadilisha mahesabu. Huko Iten, Kenya, kwenye mita 2,400 hivi, shinikizo la hewa ni takriban robo tatu ya lile la pwani. Anayetoka Mombasa au Dar es Salaam hupaswa kuanza na siku kadhaa nyepesi. Kinyume chake, anayeshuka pwani kutoka nyanda za juu hupata oksijeni ya kutosha lakini huangushwa na joto, ambalo mwili huchukua siku 10 hadi 14 kulizoea. Wanaofunga Ramadhani wanaweza kuhamishia safari nyepesi saa moja kabla ya futari, ili maji na chakula viwe karibu wanapomaliza.

Chakula na maji

Safari isiyozidi saa moja haihitaji kula njiani. Zaidi ya hapo mwili hutumia akiba ya wanga, nayo ikiisha mtu huishiwa nguvu ghafla, hutetemeka na kushindwa hata kufikiri vizuri. Kinga ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa kuanzia mapema, kabla ya njaa. Ndizi moja ya wastani ina gramu 25 hivi. Viazi vitamu vilivyochemshwa, tende, chapati iliyokunjwa na asali na mihogo hufanya kazi sawa na vijipakiti vya kigeni vinavyouzwa ghali.

Kinywaji kinaweza kutengenezwa nyumbani kwa lita moja ya maji safi, gramu 60 za sukari (vijiko vitano hivi vya chakula), chumvi kidogo na limau. Nusu lita kwa saa hutosha penye baridi. Pwani huhitajika zaidi. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako ni hatari, kwa kuwa hupunguza chumvi katika damu.

Vyama na safari

Mchezo husimamiwa na vyama vya kitaifa, k.v. Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA) na FERWACY ya Rwanda, lakini wanaridhaa wengi hawana leseni na hukutana katika vikundi vya mtaani vinavyopanga safari za Jumamosi au Jumapili kwa ujumbe wa simu. Mgeni mara nyingi huulizwa mambo mawili: kama ana kofia na kama ana tyubu.

Zipo pia safari za kila mwaka. Nchini Tanzania msafara wa Twende Butiama huvuka nchi kutoka Dar es Salaam hadi Butiama, mkoani Mara, kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Kusini zaidi, Cape Town Cycle Tour ya Afrika Kusini, yenye kilomita 109 hivi kuzunguka rasi, ilianza mwaka 1978 kama maandamano ya kudai njia za baiskeli na sasa huvuta makumi ya maelfu ya watu kila Machi. Mwaka 2017 ilisimamishwa muda mfupi baada ya kuanza, kwa kuwa upepo ulikuwa unawaangusha watu kutoka kwenye baiskeli zao.

Ushiriki wa wanawake bado ni mdogo kuliko wa wanaume karibu kila mahali katika eneo hili. Baiskeli nyumbani mara nyingi huwa ya baba au ya kaka, na msichana anayeonekana barabarani kwa kaptura alfajiri huvuta maneno. Vikundi vilivyofaulu kuwaongeza vimefanya mambo ya kawaida tu: kuazimisha baiskeli za saizi ndogo, kupanga safari ambazo hazimwachi mtu nyuma, na kuhakikisha kila mmoja anasindikizwa hadi karibu na kwao.